Kabari Mbili za Nakwamor

Kigae kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganjani, na Profesa Nyamizi Lubango hakuhangaika kukitazama. Alifumba macho, kama kila mtu wa Kisima Kipya anavyofumba anapotaka kusoma namba, akapitisha kidole gumba juu ya udongo uliochomwa. Kabari ya kwanza, alama ya pembe tatu iliyobonyezwa ndani. Kabari ya pili. Baada ya hapo udongo ulikuwa laini hadi ukingoni.

"Unasemaje, Profesa?" aliuliza Gervas Rwehumbiza, Msimamizi wa Bohari Kuu, kutoka upande wa pili wa meza pana kama kitanda.

"Kabari mbili. Zina kina, zimesimama wima, zimekaa kushoto na nafasi imeachwa kulia. Sitini mara mbili. Mia na ishirini. Aliyeandika anaijua kazi yake, maana nilimfundisha mwenyewe."

"Nafasi haikuachwa ya kutosha," alisema Rwehumbiza. "Ndivyo utakavyosema kesho mbele ya Baraza."

Nyamizi alifumbua macho akidhani anataniwa. Lakini Rwehumbiza hakuwa mtu wa utani. Alikuwa mtu wa kunyoosha mikunjo ya kitambaa cha meza huku akiongea mambo ya kuua watu.

"Ya kutosha kwa kipimo gani?"

"Kipimo utakisema wewe. Si ndiye mtaalamu?"

"Gervas, nafasi haina kipimo! Kidole hakiwezi kugusa kitu ambacho hakipo. Kabari mbili zikiwa peke yake ni mbili, au ni mia na ishirini, inategemea zimekaa nyumba ipi, ya moja moja au ya sitini. Wababeli waliandika hivi karne na karne bila sifuri, na mambo yao yalikwenda, kwa sababu aliyesoma alilijua shamba lenyewe, aliwajua kondoo wenyewe. Hata hivyo walichoka. Waandishi wao wa baadaye wakabuni alama, vijikabari viwili vya kuinama, wakawa wanaviweka katikati ya namba pale pasipo na kitu. Nilikuja ofisi hii hii nikawaomba tuichukue ile alama na tuitumie hata mwishoni mwa namba. Mlinijibu nini?"

Rwehumbiza alikohoa. "Baraza liliona kufundisha watu alama ya kitu kisichokuwepo ni kupoteza muda."

"Mlicheka. Ulicheka wewe, mpaka ukaomba maji."

Hasira zilikuwa zimempanda tangu alipopewa kigae kile, na sasa hakuona sababu ya kuzimeza. Habari yenyewe alishaijua, mji mzima ulishaijua. Kule Nakwamor, makazi ya wachimba chumvi upande wa pili wa jangwa, homa ya damu iliingia. Mwandishi wa makazi, binti anayeitwa Eliapenda Mfinanga, akaandika kigae kuomba dozi za dawa kwa watu mia na ishirini. Mjumbe akakivusha jangwa kwa ngamia hadi dirisha la Bohari. Na Bohari, yenye dawa hadi darini, ikasoma mbili, ikatoa chupa mbili, ikapiga lakiri kwenye sanduku na kumtakia mjumbe safari njema.

Chupa mbili! Nyamizi alijaribu kumfikiria afisa mwenye akili timamu akiamini kwamba mtu amevuka jangwa lote lile, na ngamia sita nyuma yake, kufuata chupa mbili. Alishindwa.

"Nani alikisoma?" aliuliza.

"Bwana Lihumbo wa dirishani. Na alifuata Kanuni ya Hifadhi. Panapokuwa na shaka, namba isomwe kwa namna inayoilinda Bohari. Hakuna kosa hapo." Rwehumbiza aliinuka, akaenda dirishani. "Sasa nisikilize, dada yangu, kabla hujaanza kunifokea. Unadhani sijui kwamba binti hana hatia? Najua. Lakini tukisema kesho kwamba kigae kilikuwa sahihi na bado watu wakafa, tutakuwa tumesema nini? Kwamba udongo hauaminiki. Na ukiondoa udongo, watu watakimbilia wapi?"

Ukutani juu ya kichwa chake ilibaki saa ya zamani ambayo mtu alisahau kuiondoa. Nyamizi aliitupia jicho mara moja tu. Tarakimu zilianza kutambaa, nane ikawa tatu, tatu ikawa sita, akageuza uso kabla kichefuchefu hakijamshika. Hiyo ilikuwa kazi ya Mchwa. Hakuna aliyejua nani alitengeneza programu ile. Kilichojulikana ni kwamba iliingia katika vioo ambavyo kila mtoto wa mjini alipandikizwa jichoni kabla ya kuanza shule, vioo vilivyokuwa fahari ya taifa, na tangu siku hiyo kila namba iliyopita mbele ya jicho iligeuzwa njiani. Ukiandika kwa tarakimu, iligeuka. Ukiandika kwa maneno, mia ilisomeka sita. Kuving'oa vioo ilikuwa ni kung'oa na jicho lenyewe. Wauguzi walichoma sindano kwa vipimo ambavyo hakuna daktari aliyeviandika, na malango ya mabwawa yakafunguliwa juu ya watu waliolala. Sehemu pekee ya mwili ambayo Mchwa hakuifikia ilikuwa ngozi ya kidole. Ndipo Nyamizi, mwalimu wa historia ambaye hakuna aliyekuwa akimsikiliza, akatoa kabatini nakala zake za vigae vya kale na kusema, jamani, watu walihesabu dunia nzima kwa udongo.

"Mke wangu alipewa dawa mara kumi ya alichoandikiwa," alisema Rwehumbiza bila kugeuka. "Nilikuwa nimemshika mkono. Wapo watu hapa mjini wanaosema Mchwa amekwisha, vioo vipya viko tayari, turudi. Wanasubiri kisingizio. Unataka kuwapa?"

Nyamizi alijua mtu yule anasema kweli.

"Na Eliapenda?"

"Atazibwa vidole. Sheria ni sheria."

---

Walimweka Eliapenda katika chumba kilichopakana na tanuri la vigae, na joto lake lilikuwa la kuokea mikate. Alikuwa amekaa chini, mikono yake miwili imefungwa ndani ya mifuko ya turubai hadi kwenye viwiko. Mwandishi aliyeshitakiwa haruhusiwi kugusa kitu. Alipomwona Nyamizi alijaribu kusimama, akayumba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, usisimame."

Nyamizi alikaa naye sakafuni, nguo zake nzuri za ofisini zikipata majivu. Alijua kuzibwa vidole ni nini. Walichovya ncha za vidole katika utomvu wa moto, kimoja baada ya kingine, na ngozi ikafa, ikabaki ngumu kama kwato. Mtu aliyezibwa hakusoma tena bei sokoni, wala kipimo cha dawa ya mwanawe. Alisimama dirishani akimbembeleza mpita njia amsomee, na wapita njia wa Kisima Kipya walikuwa na tabia ya kusoma wanavyotaka. Aliyetunga adhabu ile, Nyamizi alifikiri, hakuwa na haja ya jela.

"Wanasema hukuacha nafasi ya kutosha."

"Niliacha upana wa gumba langu, kama ulivyotufundisha." Eliapenda alicheka kicheko kikavu. "Labda nilipaswa kuwa na gumba nene zaidi."

"Nieleze ilivyokuwa. Yote."

"Yote yapi, Mwalimu? Watu wa kule hawapendi kuhesabiwa, kwa hiyo nilihesabu bakuli. Kila mtu ana bakuli lake, anachora alama yake, halichangiwi. Nikapata mia na ishirini. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa, na wasiougua walikuwa wanangoja zamu yao. Nikaandika, nikachoma kigae kwa moto wa jikoni, nikampa mama Akiru. Wanawe watatu walikuwa wameshaanza kutetemeka siku anaondoka. Akaondoka hivyo hivyo." Alimeza mate. "Aliporudi tulimpokea kwa vigelegele. Wagonjwa wenyewe walipiga vigelegele. Nikavunja lakiri mbele ya watu wote, nikafungua sanduku lile kubwa la mbao, likiwa limejaa nyasi kavu, na katikati ya nyasi chupa mbili."



"Mnanishitaki kwa nafasi," alisema Eliapenda, na sauti yake ikaanza kupanda. "Niulizeni basi kuhusu zile chupa mbili! Mimi ndiye niliyechagua. Watu wote wale wananitazama, na mimi nimeshika chupa mbili, nichague. Hakuna anayeniuliza hilo. Hamna hata mmoja aliyeniuliza nilimpa nani!"

"Ulimpa nani, mwanangu?"

Binti alilia muda mrefu kabla ya kujibu, na kwa kuwa mikono ilikuwa mifukoni hakuweza kujifuta. Nyamizi alimfuta kwa ncha ya kilemba chake.

"Watoto wawili wa nyumba ya mwisho," alisema hatimaye. "Walikuwa wadogo kuliko wote. Si wa mama Akiru. Mama Akiru alikuwa amesimama pale pale, na hakunisemesha neno."

Nyamizi alitoka mle ndani akiwa ameshaamua, na hapo hapo akiwa anaogopa alichoamua. Barabarani alimpita mama mmoja anayeuza mchele. Mama alikuwa amefumba macho, anapapasa kigae cha kipimo, anamwambia mteja wake, "Papasa mwenyewe, usije ukasema nimekuibia," na mteja akapapasa, akaridhika, wakacheka. Imani ile ndogo ilikuwa imejengwa kwa miaka ya jasho, kidole kwa kidole. Na yeye kesho alikuwa anakwenda kuibomoa.

---

Baraza lilikaa katika karakana ya zamani ya mabasi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na paa kubwa kuliko yote, na asubuhi ile hapakuwa na pa kutia mguu. Jaji Bahati Nsolo aliongoza. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na sifa yake ilikuwa kwamba hajawahi kula chochote kwa mtu, hata chai. Eliapenda alisimamishwa mbele na mifuko yake ya turubai. Pembeni kulikuwa na beseni ya utomvu juu ya jiko la makaa, inatokota taratibu, kana kwamba hukumu ilishatoka na kilichobaki ni upishi.

Nyamizi aliiona beseni ile na damu ikamchemka kuliko utomvu.

Shahidi wa kwanza alikuwa Bwana Shomari Lihumbo, afisa wa dirishani, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi. Alikuja mwenye raha zake. Alieleza kwamba alikisoma kigae mara tatu kwa gumba na mara moja kwa kidole cha kati, akaona shaka, akatumia Kanuni ya Hifadhi, akatoa mbili. Aliieleza kanuni kwa ghibu, kifungu kwa kifungu.

"Profesa, una swali?" aliuliza Jaji.

"Ninalo, Mheshimiwa Jaji." Nyamizi alisimama. "Bwana Lihumbo, dirisha lako ndilo pia linalopokea chumvi ya Nakwamor?"

"Ndilo."

"Mwaka huu Bohari ilipeleka kigae Nakwamor kuwaambia walete mizigo mingapi. Kigae hicho kilikuwa na nini?"

Lihumbo alifikiri kidogo. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, na hilo ndilo lililomtia Nyamizi uchungu zaidi, kwamba mtu yule hakuona lolote la kuficha.

"Kabari mbili."

"Na nafasi kulia?"

"Ya kawaida."

"Wakaleta mizigo mingapi?"

"Mwanzoni walileta miwili. Tukawarudisha."

"Mkawarudisha walete mingapi?"

"Mia na ishirini," alisema Lihumbo. "Kanuni ni hiyo hiyo, Profesa. Panapokuwa na shaka, isomwe inayoilinda Bohari."

Karakana ililipuka. Mtu nyuma alipiga ukelele, "Lo! Lo!" na wengine wakaanza kugonga mabati kwa ngumi. Lihumbo aligeuka huku na huku. Ilikuwa dhahiri kwamba hajaelewa amesema nini.

"Kabari mbili zikiwa za kudai chumvi ni mia na ishirini," alisema Nyamizi, na sasa alikuwa anapaza sauti juu ya kelele. "Kabari mbili zikiwa za kuomba dawa ni mbili. Mgongo wa mtu wa Nakwamor unahesabiwa kwa sitini, na roho yake inahesabiwa kwa moja moja! Hiyo ndiyo hifadhi yenu?"

"Profesa!" Rwehumbiza alikuwa amesimama. "Mheshimiwa Jaji, hii si hoja. Mjumbe alikuwepo. Kazi ya mjumbe ni kutamka kwa mdomo kile kigae kinachosema, ili shaka iondoke. Afisa alimuuliza mjumbe ni wangapi, na mjumbe hakujibu. Aitwe aseme kwa nini."

Hilo Nyamizi hakulijua. Alimgeukia Lihumbo, na Lihumbo akatikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliogopa. Kama mjumbe aliulizwa na akanyamaza, basi mzigo wa maiti wote ungetua juu ya mwanamke aliyepoteza wanawe, na beseni ile ingepata vidole vingine.

Akiru alipita mbele polepole. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, vumbi la chumvi limeingia katika mikunjo ya uso wake hata maji hayalitoi. Macho yake hayakuwa na vioo. Hakuna aliyewahi kujisumbua kuvipeleka Nakwamor.

"Mama," alisema Jaji kwa upole, "pole sana kwa msiba."

"Tumeshapoa."

"Afisa alikuuliza dawa ni ya watu wangapi?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, wapo."

Watu wachache walicheka kwa kukosa la kufanya, wakanyamazishwa. "Kwa nini hukusema idadi?" aliuliza Jaji.

"Kwetu aliye hai hahesabiwi kwa mdomo," alisema Akiru. "Hata mbuzi hahesabiwi, sembuse mtoto. Ukimtaja mtu kwa namba umemtoa katikati ya wenzake, umekionyesha kifo mahali alipokaa. Ndiyo maana tulimwomba huyu binti aje kwetu. Yeye anaandika, anajua namna ya kuandika bila kumgusa mtu. Mimi nilipewa kubeba. Nimebeba, nikafikisha. Niliambiwa huku mjini mnasoma." Alimtazama Lihumbo bila chuki, kama mtu anayetazama kisima kilichokauka. "Wewe kijana uliniuliza. Nikakwambia wapo. Ulitaka niwaue kwa mdomo wangu ili uniamini?"



Nyamizi alijua inampasa aulize swali moja zaidi, na alichukia kuliuliza. "Mama Akiru, waliokufa wanahesabika?"

"Waliokufa ni lazima wahesabiwe. Asiyehesabiwa hafiki."

"Unaweza kutuhesabia?"

Akiru alinyoosha mkono wa kushoto, akaanza na kidole kidogo. Alitaja jina, akakunja kidole, akasema moja. Alitaja la pili, akasema mbili. Mkono ukajaa akahamia wa pili, ukajaa akapiga makofi mara moja na kuanza upya. Wanawe walikuwa wa nne, wa tano na wa sita, na sauti yake haikubadilika alipowataja. Watu walianza kuvua kofia. Ilipopita mikono minne Rwehumbiza alisema, "Mheshimiwa Jaji, nadhani tumeelewa," na Jaji akamwambia, "Kaa chini, Msimamizi," naye akakaa. Akiru aliendelea. Jua lilihama kwenye tundu za mabati. Alipofika mwisho hakusema kwamba amefika mwisho. Alishusha mikono tu, na karakana nzima, pamoja na walinzi waliokuwa karibu na beseni, ilikuwa na namba moja kichwani ambayo Mchwa asingeweza kuigusa.

"Profesa Lubango," alisema Jaji. "Baraza limekuita ujibu swali moja. Kigae cha Nakwamor kilikosewa?"

Rwehumbiza alikuwa anamtazama. Hakukuwa na vitisho machoni mwake, na Nyamizi angependa vingekuwepo. Kulikuwa na mtu aliyemshika mkewe mkono.

"Hakikukosewa," alisema Nyamizi. "Mwandishi hakukosea, na mjumbe hakukosea. Kigae kilikuwa sahihi na watu wakafa, na hilo mlisikie vizuri kwa sababu nimeombwa nilifiche. Niliwaleteeni namna ya kuandika ambayo kwa wenyewe wa kale ilihitaji msomaji anayejua anasoma habari za nani. Ninyi mlichukua kabari mkaacha msomaji. Kila penye shaka mmeweka kanuni ya kujipendelea, kisha mkaiita hifadhi. Shaka ikikujia na mtu amesimama dirishani na vumbi la jangwa zima, unamuuliza anatoka wapi. Unachungulia nje uone amekuja na ngamia wangapi. Unatumia akili! Msije mkasema udongo uliwadanganya. Udongo ulisema. Hamkutaka kujua."

Aliketi.

Jaji Nsolo hakwenda kushauriana na mtu. Aliamuru beseni iondolewe mbele yake, akaamuru mifuko ifunguliwe. Walinzi walipoifungua, vidole vya Eliapenda vilikuwa vimevimba na vyeupe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kujifuta uso mwenyewe. Kanuni ya Hifadhi ikasimamishwa kuanzia saa hiyo. Na Profesa Lubango, alisema Jaji bila furaha, ataacha kazi ya ualimu wa waandishi, kwa kuwa Baraza haliwezi kumlipa mtu aliyeuambia umma kwamba mfumo wa Baraza umeua.

Nje, hata kabla hajamaliza, walianza kusikia mlio wa vigae vikipasuliwa barabarani. Kimoja, kisha vingi pamoja. Mtu alikuwa anapiga kelele kwamba vioo vipya viko tayari, kwamba ni heri Mchwa kuliko Bohari.

"Umeridhika?" Rwehumbiza alimnong'oneza.

"Hapana," alisema Nyamizi, na ilikuwa kweli.

"Limebaki jambo moja," alisema Jaji. "Homa hii hurudi na mvua, na mvua haziko mbali. Dawa iondoke leo kwenda Nakwamor, kwa wote waliobaki. Mama Akiru, waliobaki ni..." Akakatiza maneno katikati.

Akiru alimtazama. Hakuna aliyethubutu kumalizia sentensi ile.

"Fungueni milango ya Bohari," alisema Nyamizi kutoka alipokuwa amekaa. Hakuwa tena na cheo cha kusemea, lakini hakuna aliyemzuia. "Mpakieni, mpaka yeye mwenyewe aseme basi."

"Na asiposema?" Rwehumbiza aliruka. "Akibeba ghala zima? Kuna makazi mengine! Mheshimiwa, hakuna kanuni duniani inayoruhusu..."

"Mpaka aseme basi," alisema Jaji.

---

Uwanja wa Bohari ulikuwa umejaa wakati wa alasiri. Ngamia sita walipigishwa magoti kwenye mstari, kila mmoja na makapu mawili makubwa, na kutoka mlangoni hadi kwa ngamia wa kwanza watumishi walijipanga wakipeana chupa mkono kwa mkono. Rwehumbiza alisimama mlangoni akiangalia rafu zake kama baba anayeangalia mahari ikitoka. Alikuwa ameleta watu wengine ishirini wa kubeba, na mikokoteni, akitegemea mabaya.

Wa mwisho katika mstari alikuwa Lihumbo. Hakuna aliyemtuma, alikwenda mwenyewe akasimama pale. Alipokea chupa, akampa Akiru, na Akiru akaishika kidogo kifuani kabla ya kuilaza kapuni kati ya nyasi kavu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nyamizi, aliyesimama karibu na Eliapenda, hakusikia neno, lakini aliona kwamba kila chupa ilikuwa na jina la mtu mmoja.

Midomo ya Lihumbo nayo ilianza kucheza, akihesabu kwa mazoea ya kazi. Nyamizi alimgusa bega. Lihumbo akaifumba.

Chupa iliyofuata Akiru aliishika muda mrefu kuliko nyingine. Aliilaza, akapapasa nyasi juu yake kama mtu anayefunika mtoto.

"Basi," alisema.

Rwehumbiza alikuja mbio kutoka mlangoni. Alidhani kuna kitu kimevunjika. Alichungulia kapuni, akachungulia tena. Kapu la kwanza la ngamia wa kwanza lilikuwa halijafika nusu.

"Mama, endelea," alisema. "Zipo nyingi. Chukua, mama. Chukua zaidi."

Akiru alikuwa ameshaanza kufunga kapu kwa kamba. Lihumbo alibaki amenyoosha mkono, na chupa ndani yake, na nyuma yake mstari mzima ulikuwa umesimama hivyo hivyo hadi ndani ya ghala.